Jokofu Linaloatamia

Kazi yangu ni kufufua baridi.
Mtaa mzima wa Oli unajua: jokofu likikohoa
mwite Andama, aje na gesi yake na bisibisi.
Lakini hili la kona, jeupe, lenye kutu magotini,
nimelikataza baridi. Nililing'oa kompresa,
nikalitia balbu mbili na kipimajoto cha vifaranga,
na sasa linatunza nyuzi thelathini na moja
na mayai saba yaliyogandamana
kama maandazi yaliyosahauliwa karaini.

Umeme wa Arua hauna adabu.
Ukikatika usiku najaza maji ya moto kwenye chupa za soda,
nazipanga ubavuni mwa mayai, nimejifunga shuka,
na Ezaru, mke wangu, ananiuliza gizani
ni mwanamke gani huyo ninayemchemshia maji.

Mwana wa nyoka ni nyoka. Wahenga waliishia hapo,
hawakusema wa rangi gani.
Ndiyo maana nina daftari.
Ukurasa wa kwanza: chatu jike, rangi ya udongo wa mto Enyau,
aliokotwa kwenye shamba la mihogo, jembe likiwa limeshainuliwa.
Ukurasa wa pili: dume la manjano, ndizi iliyopitiliza kuiva.
Nikawakutanisha. Watoto sita, wote wa udongo.
Nilitaka kulia. Kumbe manjano hayakufa,
yalijificha ndani yao kama deni la babu,
ambalo hudaiwa wajukuu.

Kisha akaja Utando.
Nilimpata kwa fundi mwenzangu wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka,
nikalipa jokofu la milango miwili.
Mistari myembamba, kahawia juu ya dhahabu,
kana kwamba buibui alimpitia mgongoni
rangi ikiwa bado mbichi.
Watoto wa jirani walikaa kimya,
na hao hawakai kimya hata msibani.
Nikasema moyoni: nyumba ya matofali hii.

Siku ya tatu nikampa panya.
Kichwa kikaanza safari peke yake:
kushoto, juu, chini ya kidevu chake chenyewe,
kikazunguka kama skrubu iliyoliwa meno,
kikauma ukuta wa sanduku, kikauma hewa.
"Anacheza," alisema Zamzamu wa chapati.
Nikacheka naye.
Usiku nikarudi na tochi.
Hakuwa anacheza.

Nusu ya watoto wake walirithi utando.
Waliorithi utando walirithi na kile kichwa.
Nilijaza kurasa tisa nikitafuta mmoja,
mmoja tu, mwenye ule urembo bila tetemeko.
Sikumpata. Ni waya mmoja:
ukikata huku, taa ya kule inazima.
Fundi hahitaji kufundishwa hilo,
ila nilijifanya si fundi kwa misimu miwili.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Sawa. Lakini kinyemi kilikuwa changu,
kidonda nilimwachia yeye.

Simu inalia juu ya kabati. Ni Ssemwanga wa Kampala.
Anataka uzao mwingine, na ametaja fedha
za kuezeka nyumba, jiko na choo, zikabaki za misumari.
Ezaru ananitazama. Hasemi kitu.
Ameshahesabu mabati.

Mayai saba ya jokofuni si ya Utando.
Sanduku la dume la manjano liko juu, lake liko chini,
kati yao ubao wa mvule, unene wa kidole.
Nimeshika panya kwa koleo,
mkono umetulia kama ninapogusa waya wenye moto.
Kichwa kinapita. Kinarudi. Kinapita tena.
Simsogezei, nisije nikamkosesha.
Simu inanyamaza, inaanza upya.
Nasubiri kichwa kifike.